Viti Nje ya Banda la Tumbaku

Mzee ninayemhudumia siku hizi, kule Lackawanna, jirani na Buffalo, alikuwa mvuta kiko. Daktari amemkataza, binti yake amemkataza, na mimi nalipwa kumkataza, lakini kila alasiri ananiomba nimfungulie kopo lake la tumbaku anuse tu. Namfungulia. Yeye ananusa akifumba macho, na mimi nageukia dirishani najifanya naangalia barabara, maana harufu ile ikishatoka kwenye kopo siko Lackawanna tena. Niko kwenye banda.

Tuliliita banda kwa sababu lilikuwa banda. Wazungu waliotupangisha waliliita nyumba, na kwa haki walikuwa wameligeuza nyumba kweli: walitoboa madirisha, wakamwaga saruji chini, wakaweka jiko la umeme na bafu lenye maji ya moto. Lakini babu yao alikuwa amekaushia tumbaku humo maisha yake yote, na mvua ikinyesha mbao zilitoa kila kitu. Harufu ilishuka kutoka juu, kavu, tamu kidogo, ikaingia kwenye nguo zetu tukaenda nayo shuleni. Lilikuwa nje ya Louisville, mwendo wa gari wa kutosha mtoto kusinzia na kuamka, kwenye kijiji chenye kanisa moja, kituo cha mafuta, na farasi wengi kuliko watu.

Mama hakulipenda. Halikuwa na dari. Ukiinua macho unaona boriti na zile fito ndefu walizokuwa wakitundikia majani, na wenye nyumba walikuwa wameziacha makusudi, wakazipaka vanishi, wakasema huo ndio uzuri wenyewe. Mama alisema ni nyumba ambayo haijaisha kujengwa. "Mutu akikuya hapa atasema tuko tunaikala ku chantier," aliniambia, akifuta vumbi ambalo halikuisha kudondoka.

Mimi na mdogo wangu Espoir tulipenda kitu kimoja tu: paa lilijibu. Ukikohoa, nalo linakohoa. Ukiita jina lako, unaitwa. Papa alipoomba kwa sauti asubuhi, akirudi kutoka kazini, ungedhani kuna watu wamekaa huko juu kwenye fito wanaitikia. Mama alitukataza kuchezea mwangwi huo. Alisema nyumba si ya kubishana nayo.

Kwa nini tulihamia huko ni habari ya Papa, na ni habari ya vilio. Kilio, sisi wa Kivu tunavyoita, ndiyo ule msiba wa nyumbani kwa mtu. Ukifiwa, watu wanajaa kwako. Viti na meza vinatolewa nje, wanawake wanakaa chini ndani ya nyumba, wanaume wanakaa nje kwenye viti wamezunguka moto, wanakula, wanaimba, wanalala hapo hapo. Sasa fanya hivyo kwenye apatimenti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Louisville watu walikaa kwenye ngazi, sufuria za sombe, yale majani ya muhogo, zikapita juu ya vichwa, na meneja akaja kuuliza nani amefanya karamu. Papa alikuwa mtu wa kilio kuliko wote. Alikuwa akisema siku moja atapata nyumba ambayo watu wakija watapata pa kunyoosha miguu. Kwa hiyo Wazungu wa kanisani walipompeleka kuona lile banda, hakuuliza habari ya jiko wala ya kodi. Alisimama katikati, akatazama ule upana.

"Hapa batu batalala bila kukanyagana," alisema. Basi, akalichukua.

Halafu, jamani, tukahama na hatukuonekana tena. Gari lilikuwa moja. Papa alifanya kazi usiku kwenye ghala la vifurushi karibu na uwanja wa ndege, Mama alifua mashuka kwenye nyumba ya wazee mchana, na kati yao wawili gari lile halikupoa. Mtu akifiwa Louisville, Papa anasema tutaenda Jumamosi. Jumamosi anaitwa kazini. Watu wakaanza kusema Papa Riziki, kwa jina langu mimi mtoto wake, amejitenga, amekwenda kuishi na farasi. Kwanza walisema kwa utani. Kwetu hakuna anayeandika nani alikuja na nani hakuja, lakini waulize miaka kumi baadaye, watakuambia mpaka nguo uliyovaa.

Kilichomharibia kabisa ni kilio cha Buffalo. Huko aliishi rafiki yake wa tangu kambi ya wakimbizi, Papa Zawadi, pale karibu na barabara ya Bailey. Mimi na Zawadi, binti yao, tulilala mkeka mmoja kambini mpaka ndege zilipotutenganisha, wao Buffalo, sisi Louisville. Papa Zawadi alifariki wakati wa theluji. Na hapa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo hamtaelewa chochote.

Watu wa kijiji cha Papa wana desturi ambayo sijaiona kwa wengine. Aliyefiwa hakai. Anabaki amesimama, hata awe mzee wa magoti mabovu, mpaka mtu asiye wa nyumba yake aje, amshike mkono, amketishe. Hapo ndipo kilio kinaanza. Kabla ya hapo halii kwa sauti, maana hajapokewa na mtu. Hawezi kujiketisha mwenyewe. Mke wake hawezi kumketisha, watoto wake hawawezi.

Mama Zawadi alisimama siku nzima pale Buffalo akimngoja Papa. Yeye ndiye aliyekuwa amemtaja Papa kuwa wa kumketisha, kwa sababu alikuwa rafiki wa marehemu na wa kijiji kimoja. Watu wa Columbus walifika, wa Louisville walikodi gari wakafika, Papa hakufika. Alikuwa ametoka kwenye shifti mbili mfululizo, akajilaza kidogo avute nguvu ya safari, akaamka kumekucha siku ya pili. Mwishowe mzee mmoja wa Columbus ndiye aliyemketisha yule mama. Papa alipopiga simu kuomba msamaha, simu haikupokelewa. Hilo ndilo tulilokuwa tumebeba kwenye lile banda letu pana, majira ya joto yaliyofuata, mama yake Papa alipokufa.

Koko, ndivyo tulivyomwita. Mimi nilimjua kama sauti ya kwenye simu, yenye upepo nyuma yake, ikiniuliza kama ninakula. Habari ilikuja asubuhi Papa akiwa amesimama karibu na sinki, bado na fulana ya kazini. Alisikiliza. Akasema "eeh" mara nyingi. Akaweka simu chini kioo kikitazama meza, akaosha kikombe chake, akakikausha, akakisuuza tena kwa maji kana kwamba hakukiosha. Kisha akaongea na Mama pembeni kwa sauti ya chini, ili paa lisiwasaidie.

Sisi hatukuambiwa. Watoto kwetu hawaambiwi kifo na wazazi; wanaambiwa na kilio chenyewe, wakiona watu. Na watu hawakuwepo. Papa alimpigia mchungaji, ambaye alikuwa amesafiri mbali kwenye harusi. Akasema pole, akasema atatangaza. Mama naye akawapigia wanawake aliokuwa akiimba nao kwaya. Wote walisema pole. Hakuna aliyesema nakuja.

Jumamosi asubuhi Mama akaanza kutoa viti.

"Riziki, shika uku. Espoir, acha kucheza, fungua mulango."

Tulitoa meza, viti vya mbao, benchi, sofa, na mwishowe fotei ya Papa, lile kochi kubwa la kahawia ambalo hakuna mwingine aliyelikalia. Tulivipanga kwenye majani mbele ya banda. Ndani Mama alitandika mikeka, mashuka, magodoro yetu na hata shitingi ya bluu, lile turubai letu la plastiki, akapanga kuanzia ukuta mpaka ukuta. Nilimuuliza tunafanya nini. "Tuko natayarisha," akasema, akaendelea kutandika.

Mimi nikaelewa tunahama. Msinicheke. Kilio cha kambini nilikuwa nimekiona, lakini kambini hakukuwa na viti vya kutoa. Kwenye vilio vya Louisville sisi watoto tuliachwa kwa jirani. Nilichokijua mimi ni kwamba kila mara viti vyetu vilipotoka nje, usiku ule hatukulala hapo tena. Na Papa alikuwa amesimama. Alisimama dirishani akitazama barabara, alisimama akila, sahani mkononi, alisimama Espoir alipomletea kigoda. Kwenye gari alikaa, bila shaka, na kulala alilala, kulala si kukaa. Lakini ndani ya nyumba, wima. Kwa akili yangu, huyo ni mtu anayengoja gari la kutubeba.

Nilijua na tunakokwenda. Kama ni kuhama, ni Buffalo, kwa Zawadi. Kwingine kuna nini? Nikachukua begi langu la shule, nikatoa madaftari, nikatia nguo, mswaki, na kijiko changu, kwa sababu mara ya mwisho tulipohama vijiko vilipotea. Nikakaa kizingitini. Sikuwa na furaha wala huzuni. Nimejaribu sana kukumbuka nilisikia nini moyoni siku zile, na ninachopata ni ubaridi wa saruji matakoni.

Mchana pikapu ikasimama. Akashuka Mzungu mmoja mwenye kofia, akaanza kuzunguka kati ya viti vyetu, akivitikisa, akivigeuza chini juu. Huko vijijini kwao mtu akiweka vyombo nje kwenye majani Jumamosi, anauza. Mama alitoka akasimama mlangoni, Kiingereza chote kikamkauka. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa nyumba.

"Mnahama?" yule bwana akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema.

"Kwenda wapi?"

"Buffalo."

"Aa. Huko mtaganda." Akaketi kwenye fotei ya Papa, akajitikisa, akaridhika. Akasema anaitaka.

Nikaingia ndani. "Papa, kuna mutu anataka fotei yako."

Papa aliangalia nje, akamwona yule bwana amekaa starehe kwenye kiti chake. Nilidhani atakasirika. Uso wake haukubadilika.

"Abebe," alisema.

"Papa Riziki," Mama akamwita.

"Abebe, Mama Riziki. Miye sinaikala."

Basi ikapakiwa. Yule bwana, kwa vile hakuna aliyemtajia bei, alishusha kikapu cha nyanya za shambani kwake, akatutakia safari njema. Mama alizitazama zile nyanya muda mrefu. Halafu akaziosha na kuzitia kwenye sufuria ya maharage, maana alikuwa anapikia watu.

Alipika siku ile kama mtu anayengoja basi zima. Sombe, maharage, wali, samaki wa kukaushwa ambao tulikuwa tunawaficha kwa ajili ya Krismasi. Jioni ikafika. Papa akawasha moto nje, kati ya viti, akasimama kando yake. Hakuna gari lililokata kona. Mvua ikaja kidogo, moto ukatoa moshi, harufu ya tumbaku ikashuka kutoka kwenye fito, na sisi wanne tukala kidogo, sufuria ikabaki vilevile. Jumapili hivyo hivyo. Mama alikuwa na tumaini kwamba watu wakitoka kanisani watakuja moja kwa moja. Aliwasha moto tena saa za ibada kuisha. Mimi nilikuwa kizingitini na begi langu, kwa hiyo niliwasikia.

"Bon. Batakuya tu," Mama alisema.

"Habatakuya."

"Iko mbali, Papa Riziki."

"Buffalo pia ilikuwa mbali."

Mama akasema viti vinaoza na mvua, kesho atavirudisha ndani, watoto wapate pa kukaa. Papa akamwambia jambo ambalo sikulielewa siku ile. Alimwambia viti vikirudi ndani, basi yeye atakuwa mtu ambaye mama yake alikufa na hakuna aliyekuja. Alisema polepole, bila hasira, kama anayemsomea mtu anwani. Nikawaza, mambo ya watu wazima. Nikaangalia barabara.

Jumatatu Mama hakwenda kazini. Alasiri alitoka, akashika kiti cha kwanza kwa miguu yake, na hapo ndipo gari dogo la kijivu, namba za Ohio, lilipokata kona.

Kwenye usukani alikuwa kijana Mkenya. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Columbus, anasali na watu wetu huko, na tangazo la mchungaji lilipofika huko alikuwa ameombwa ampokee mama mmoja kituo cha basi amfikishe kwetu Kentucky. Mlango wa nyuma ulifunguka. Akashuka Mama Zawadi. Alikuwa amekonda, amevaa kitenge cheusi na viatu vya theluji katikati ya joto, nadhani hakuwa na vingine vya safari. Zawadi hakuwa naye. Alisimama akavitazama vile viti vyetu, vyote vitupu, vyenye maji kwenye vikalio. Akamtazama Mama, aliyekuwa bado ameshika kiti. Hawakusalimiana. Mama alikiweka kiti chini pale pale kilipokuwa. Mama Zawadi akapita, akanipita mimi pia, akaingia ndani.

Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye gari, nikafungua mlango, nikakaa nyuma na begi langu mapajani.

"Sasa wewe?" yule kijana akauliza, akinitazama kwenye kioo. "Unaenda wapi na hiyo bag?"

"Buffalo. Tunahama."

"Mnahama?" Aligeuka akaangalia viti, akaangalia majivu ya moto katikati yake. Akazima redio. "Kwani hawajakushow?"

"Hawajaniambia nini?"

Alijikuna shingo. "Ebu enda inside kwanza, sister. Me niko tu hapa, siendi mahali."

Sikushuka. Nilikuwa nimepata kiti. Ndipo sauti ikatoka ndani ya banda. Ilianza ya mwanamke mmoja, juu, ikaita jina la Koko lote, lile la ubatizo na lile la nyumbani. Na kabla haijaisha, wengine wakaitikia. Wanawake wengi, wengine kwa mbali kidogo, wengine nyuma yao, wanapokezana, wanaliita jina lile lile. Banda lote lilijaa. Nilijua kilio kinavyosikika. Hicho kilikuwa kilio kikubwa.

Yule kijana alishusha kioo. "Kumbe watu ni wengi hivi?" alisema. "Na tuliambiwa hakuna mtu amekuja."

Nikashuka. Nilidhani wameingia kwa mlango wa nyuma, wa Louisville, wa Columbus, wote, na labda Zawadi yuko kati yao. Nilivuka viti nikafika mlangoni, nikaangalia ndani nikitafuta nyuso.

Mikeka ilikuwa mitupu kutoka ukuta mpaka ukuta. Katikati alikuwepo Mama Zawadi peke yake, kichwa amekiinua juu, analia kuelekea kwenye fito, na kila alicholia kilirudi. Mkono wake mmoja ulikuwa umemshika Papa. Akanyamaza. Wale wa juu nao wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine.

"Miye nilisimama siku nzima nakungoja," alimwambia. "Miguu ilinivimba. Weye usisimame tena."

Akamvuta mkono. Papa alianza kushuka, goti moja, la pili, taratibu, kama mtu asiyekumbuka inavyofanywa. Hakukuwa na fotei. Aliketi kwenye shitingi, mahali pa wanawake, miguu ameinyoosha mbele kama Espoir.

"Mama Zawadi," alisema, "mama yangu amekufa."

Alimwambia hivyo mtu aliyetoka Buffalo kwa sababu hiyo hiyo. Lakini ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema kwa sauti, na paa likamrudishia, na ndivyo na mimi nilivyojua. Kisha Papa akalia. Sikuwahi kumsikia. Alilia akiwa mmoja na wakalia wengi, Mama akaingia akajiunga, na kama ungekuwa unapita pale barabarani ungesema hii nyumba ina watu.

Mimi sikulia. Nilisimama mlangoni na begi langu mgongoni, nikitazama juu nione nani anaitikia. Sijui nilisimama muda gani. Mama Zawadi aliniona. Hakunyamaza kulia, alinyoosha tu mkono ule mwingine, akanivua begi, akaliweka pembeni.

"Kuya, Riziki," alisema.

Akanishika mkono, akaniketisha.